Walinunua Kioo, HD Ikaja Nyongeza

Ukiwauliza watu kwa nini televisheni za HD zilienea Marekani, hukosi jibu. Mmoja atasema picha ilikuwa nzuri mno. Mwingine atasema serikali ililazimisha. Wa tatu ataleta michezo, wa nne sinema za Blu-ray, na wa tano atafunga mjadala kwa neno moja: bei. Kila jibu lina ukweli ndani yake, ila kalenda inayakataa yote. Sababu inayotajwa ama ilikuwapo miaka mingi na watu hawakununua, ama ilifika ikawakuta wameshanunua.

Tuitazame kalenda hiyo basi. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza kuitafiti televisheni ya mistari mingi, ndiyo HD yenyewe, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na mwaka 1981 likaipeleka Marekani kuionyesha. Mwaka 1990 kampuni ya Marekani, General Instrument, ikajitokeza na mfumo wa dijitali, na ghafla kazi ya Wajapani iliyotegemea analojia ikaonekana ya jana. Mwaka 1993 washindani wakaungana kwa jina la Grand Alliance, na Desemba 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha kiwango kipya. Agosti 1998 TV ya HD ikaingia dukani San Diego: Panasonic ya inchi 56, zaidi ya dola 5,000, na kisanduku cha kupokelea matangazo kikilipiwa pembeni. Oktoba mwaka huohuo safari ya mwanaanga mzee John Glenn kurudi angani ikarushwa mubashara kwa HD.

Baada ya hapo, kimya. Kwa miaka mitano hivi TV hizo zilibaki za matajiri na washabiki wa vifaa. Wimbi la manunuzi lilipiga kati ya 2004 na 2009. Anayedai kuijua sababu ana maswali mawili ya kujibu: kwa nini wakati ule, na kwa nini si kabla.

"Walioiona picha hawakuweza kurudi nyuma"

Wauzaji walilipenda dai hili, na ndani ya duka lilikuwa kweli. Simama hatua mbili mbele ya skrini ya inchi 50 inayoonyesha chui akinywa maji, hesabu sharubu zake, na hutahitaji kushawishiwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ila nyumbani hatutazami TV kwa kusimama hatua mbili. Bernard Lechner, mhandisi wa RCA, alichunguza zamani umbali ambao Wamarekani hukaa kutoka kwenye TV zao, akapata futi 9 hivi, takriban mita 2.7. Chukua sasa TV ya inchi 32, saizi ya kawaida kabisa wakati wimbi linapiga. Kimo cha kioo chake ni sentimita 40. Kwa aliyekaa mita 2.7, kimo hicho kinafanya pembe ya nyuzi 8.4 machoni mwake. Jicho zima, lisilo na hitilafu, hutenganisha mistari iliyopishana kwa sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Zidisha 8.4 kwa 60: unapata kama 500. Huo ndio ukomo wa mtu huyo akiwa kwenye kochi lake, mistari 500. TV ya zamani ya Marekani ilikuwa na mistari 480 ya picha. HD ina 720 au 1080. Ile iliyozidi aliilipia, lakini jicho lake halikuifikia. NHK walilijua jambo hili tangu mwanzo, ndiyo maana hesabu zao zilimweka mtazamaji umbali wa mara 3 ya kimo cha picha. Kwa inchi 32 hiyo ni mita 1.2, mahali ambapo mama yeyote angemfokea mtoto arudi nyuma.

Unaweza kujibu kwamba picha mpya ilikuwa safi kwa sababu nyingine: haikuwa na chenga wala vivuli vya antena. Sawa, lakini hiyo ni sifa ya dijitali. Hata DVD ya mistari 480 inayo.

Ushahidi unaolivunja kabisa dai hili ni plazma. Mwaka 1997 Philips waliuza Marekani TV bapa ya inchi 42, ya kutundika ukutani, kwa karibu dola 15,000. Kila aliyeiona aliitaka. Ubora wake? Nukta 852 kwa 480. Haikuwa HD. Miaka mitano baadaye, Novemba 2002, kampuni ya kompyuta ya Gateway ikatoa plazma ya inchi 42 kwa dola 2,999 na kulitikisa soko zima, na hiyo pia ilikuwa 852 kwa 480. Wakati huohuo, kwa fedha hizo au pungufu, palikuwa na TV za HD za projekta ya nyuma, kubwa kuliko hiyo na zenye mistari mingi zaidi, zimepangwa dukani kama makabati. Mnunuzi aliyekuwa akitafuta mistari angelichukua kabati. Wengi waliikodolea macho ile bapa, na walioweza wakainunua.

Halafu fuatana nao hadi nyumbani. Mwaka 2005 kampuni ya Scientific-Atlanta, watengenezaji wa ving'amuzi vya kebo, walifanya utafiti wakakuta karibu nusu ya wenye TV za HD hawapokei matangazo ya HD kabisa. Walipoulizwa, baadhi walisema hawakuona haja ya kuagiza kifaa kingine kwa kuwa picha imeshakuwa nzuri. Wengine walieleza kwamba kipindi kikianza huandikwa kuwa kinarushwa kwa HD, nao wakaamini hiyo ndiyo wanayoitazama.

Hili hulioni ukiwa mbele ya TV. Zunguka nyuma yake. Utakuta plagi tatu za AV: nyekundu na nyeupe za sauti, njano ya picha. Ile njano haibebi HD hata king'amuzi kikiwa cha HD, kwa maana ilibuniwa kwa picha ya zamani. Mwenye nyumba anabonyeza rimoti, picha ya zamani inatandazwa ijaze skrini pana, nyuso zinanenepa, mpira unakuwa wa yai, naye anajiegemeza kwenye kochi ameridhika. Ilikuwa hivyo Ohio mwaka 2005, na nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa ziko hivyo leo, TV bapa ya kisasa ikilishwa na waya wa njano. Mtu aliyefuata ubora wa picha angeshaung'oa waya ule siku ya kwanza.

"Serikali ililazimisha"

Wanaolishikilia dai hili wana tarehe, na tarehe zao ni za kweli. Aprili 1997 FCC iliwapa wenye vituo mkondo wa pili wa masafa kila kimoja, bure. Kuanzia Machi 1, 2007 TV yoyote mpya yenye kipokezi ilitakiwa iwe na kipokezi cha dijitali. Na Juni 12, 2009 mitambo mikubwa ya analojia ikazimwa.

Soma vizuri kilicholazimishwa: dijitali. HD haikulazimishwa hata mara moja. FCC ilivipa vituo uhuru wa kurusha picha ya kiwango wanachotaka. Mwaka huohuo wa 1997, Preston Padden, rais wa mtandao wa televisheni wa ABC, alisema hadharani kwamba huenda mkondo ule ukatumika vizuri zaidi kwa kurusha chaneli kadhaa za kawaida badala ya moja ya HD. Wabunge walikasirika, wakauliza kwani masafa yale yalitolewa bure kwa ajili gani. Vituo vikanywea, lakini sheria ya kulazimisha HD haikutungwa. Hata ile kanuni ya vipokezi ilidai TV ipokee mawimbi ya dijitali tu. Ikishayapokea ingeweza kuyaonyesha kwa mistari 480, na TV ndogo za aina hiyo ziliuzwa.

Kama kuna kifaa kinachoonyesha serikali ilikuwa inafikiria nini, ni kile kisanduku cha ruzuku. Kuanzia Januari 2008 kila kaya iliweza kuomba kuponi 2 za dola 40 ili inunue kisanduku cha kugeuzia dijitali kwa ajili ya TV ya zamani. Masharti yalieleza hadi matundu ya nyuma: kisanduku chenye tundu la kutoa HD hakikustahili kuponi. Serikali ililipia watu wabaki na TV zao kuukuu, ikazuia kwa makusudi fedha hizo zisiende kwenye HD. Tena kaya nyingi mno zilikuwa zikipata TV kwa kebo au setilaiti, kwa hiyo asubuhi ya Juni 12 haikuzigusa.

Ukitaka kuona amri inavyoshindwa pale ambapo kioo hakipo, nenda Ulaya. Mwaka 1986 serikali na viwanda vya huko vilianzisha mradi wa Eureka 95 ili kuunda HD yao, HD-MAC. Waliionyesha kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Mwaka uliofuata mradi ukatupwa. Fedha za umma zilikuwapo, uwanja ulikuwapo, wanariadha walikuwapo, ila hapakuwa na TV ambayo mtu wa kawaida angeipitisha mlangoni kwake. Kisha Uingereza ya miaka ya 2000 ikatoa funzo la upande wa pili: watu walinunua kwa mamilioni TV bapa zenye nembo ya HD iliyoanza kubandikwa mwaka 2005, ilhali matangazo ya HD ya antena, Freeview HD, yalianza Desemba 2009. Wengi walikuwa na TV kwa miaka na chaneli hawana.

Kwetu Afrika Mashariki dai hili limevaa nguo nyingine: kwamba kuhamia dijitali ndiko kulikoleta HD. Dar es Salaam ilizima analojia Desemba 31, 2012. Nairobi ilizima Februari 2015, katikati ya mgogoro uliofanya vituo vikubwa vitoweke hewani kwa wiki kadhaa. Nani aliyekimbilia TV ya HD kwa ajili hiyo? Watu walikimbilia ving'amuzi, wakavichomeka kwenye TV za chogo kwa waya uleule wa njano, na maisha yakaendelea. Chogo lilitoka sebuleni siku nyingine, kwa sababu nyingine.

"Ni michezo"

Hapa nitawakubalia wapinzani zaidi, kwa kuwa michezo ndiyo inayoonyesha HD vizuri kuliko kitu chochote: uwanja mpana, mpira mdogo, namba mgongoni. Maduka ya Marekani yalijua kwamba wiki za kuelekea Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ni za mavuno. Lakini hiyo inaeleza mtu alinunua mwezi gani. Haielezi kwa nini alinunua mwaka 2006 na si 1999.

Maana mwaka 1999 mpira ulikuwapo. Novemba 8, 1998 CBS ilirusha mechi ya Jets na Bills kwa HD. Msimu wa 1999 ABC ikarusha Monday Night Football yote kwa HD, gharama zikibebwa na Panasonic, waliotaka kuuza TV. Januari 2000 Super Bowl yenyewe ikafuata. Ni karamu gani zaidi ya hiyo ambayo mshabiki angeitaka? Matokeo yake ni kwamba udhamini ulipoisha, ABC ikaiondoa HD kwenye mechi za Jumatatu, na haikuirudisha hadi 2003. Mtangazaji haondoi kitu ambacho wateja wanakililia. Na Fox, waliorusha Super Bowl ya Februari 2002, waliona mistari 480 inatosha. Hawakuhamia HD hadi msimu wa 2004.

Angalia fedha zilikuwa zikielekea wapi. Katika miaka ile mtengenezaji wa TV ndiye aliyemlipa mtangazaji arushe HD. Mitsubishi nao waliwadhamini CBS kwa vipindi vyao vya jioni. Kama mpira ndio ungekuwa unauza TV, Panasonic wangeendelea kulipa. Baada ya 2004 mambo yakageuka. Vituo vilianza kugombania HD kwa kuwa TV zilishakuwa majumbani: ESPN walifungua chaneli yao ya HD Machi 2003, na DirecTV wakarusha setilaiti mpya mwaka 2007 ili wabebe chaneli za HD kwa makumi. Mpira ulikuja ukiifuata TV.

"Sinema za Blu-ray, na michezo ya kompyuta"

Hili halihitaji muda mrefu. Blu-ray ilitoka Juni 2006, miezi michache baada ya HD DVD ya Toshiba, na vita vyao vikawafanya wanunuzi wasubiri hadi Toshiba waliposalimu amri Februari 2008. Wimbi lilikuwa limeshapita nusu ya safari. Ikiwa kuna diski inayostahili sifa ni DVD ya 1997, ambayo si HD; hiyo iliwazoesha watu sinema za umbo pana, na filamu pana kwenye TV ya mraba huleta mikanda miwili myeusi juu na chini ambayo kila mtu aliichukia.

Kuhusu michezo ya kompyuta, Microsoft waliitangaza Xbox 360 ya 2005 kama mwanzo wa zama za HD, na Sony wakaja na PlayStation 3 mwaka uliofuata. Iliyowashinda wote wawili kwa mauzo ni Wii ya Nintendo, zaidi ya mashine milioni 100, na picha yake haikuzidi mistari 480.

"Bei ilishuka, basi"

Huyu ndiye mpinzani wa maana, maana bei kweli ilishuka na bila kushuka kwake wimbi lisingekuja. Kosa lake ni kusema bei ya HD ilishuka. HD ya bei nafuu ilikuwapo kabla, na watu waliipita wakaenda zao.

Kufikia 2005 duka la Marekani lilikuwa na TV ya chogo ya HD ya inchi 30, skrini pana, kwa pungufu ya dola 1,000. Weusi wake ulikuwa mweusi kwelikweli, mwendo wa mpira haukuacha mkia, na wakaguzi wa vifaa waliisifu kuliko TV bapa nyingi za LCD za wakati huo. LCD ya inchi 32 iliyokuwa pembeni yake ilikuwa ghali zaidi na picha yake ilikuwa na weusi wa kijivu. Mtu anayenunua mistari kwa dola angelibeba chogo. Lakini kubeba ndiyo shughuli. TV ya HD ya Sony ya inchi 34 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 90. Ile ya inchi 40 ilizidi kilo 130, mzigo wa wanaume wanne na ngazi ikalalamika. Ikishawekwa mahali, hapo ndipo itakapokaa mpaka familia ihame. Mnunuzi akaitazama, akaitazama ile bapa, akaongeza fedha. Mwaka baada ya mwaka alichagua wembamba hata pale wembamba ulipomgharimu zaidi na kumpa picha hafifu.

Kilichoshuka bei, basi, ni kioo bapa, na kilishuka kwa sababu za kiwandani ambazo hazina uhusiano na mapenzi ya mtu kwa mistari. Skrini ya LCD haitengenezwi moja moja. Hutengenezwa kwenye bamba kubwa la kioo, likapitishwa hatua zote kama kipande kimoja, kisha likakatwa. Gharama ya kulipitisha bamba haipandi sawa na ukubwa wake, hivyo mwenye bamba kubwa hupata skrini nyingi kwa gharama inayokaribiana. Januari 2004 Sharp walifungua kiwanda cha Kameyama, Japani, chenye mabamba ya mita 1.5 kwa 1.8, kila moja likitoa skrini 8 za inchi 32. Mwaka 2006, kwenye eneo hilohilo, wakafungua kiwanda cha pili chenye mabamba ya mita 2.16 kwa 2.46, makubwa mara mbili hivi. Bamba hilo lilitoa skrini 8 pia, lakini za inchi 45. Katikati hapo, Samsung na Sony waliunganisha mitaji Korea Kusini wakaanza kuzalisha mwaka 2005. Sony, mabingwa wa chogo kwa jina la Trinitron, hawakuwa na kiwanda chao cha LCD za TV. Walilazimika kwenda kwa mshindani.

Kila kiwanda cha namna hiyo ni mabilioni ya dola, na kikishajengwa hakiwezi kukaa kimya. Mabamba lazima yatembee. Yakitembea, skrini zinarundikana. Zikirundikana, bei inaanguka, na wale wa Taiwani nao wako nyuma yako na mabamba yao. Aliyelitumia rundo hilo vizuri kuliko wote alikuwa Vizio wa California, kampuni iliyoanzishwa 2002, isiyo na kiwanda. Ilinunua vioo kwa wenye mzigo, ikaunganisha TV kwa mikono ya wengine, ikaziuza kwenye maduka ya jumla ya Costco. Katikati ya 2007 ilikuwa inaongoza kwa LCD Amerika Kaskazini. Miezi michache kabla, Novemba 2006, Wal-Mart walikuwa wameweka plazma ya inchi 42 chini ya dola 1,000, na maduka ya vifaa vya elektroniki hayakupata usingizi tena.

Kuna kichekesho ndani yake. Miaka hiyohiyo baadhi ya watengenezaji wa vioo walikuwa wakikutana kwa siri kwenye hoteli za Taiwani kupanga bei isianguke. Novemba 2008 LG, Sharp na Chunghwa walikiri makosa Marekani na kukubali faini za jumla ya dola milioni 585. Walipanga bei isianguke na ikaanguka vilevile, kwa uzito wa mabamba waliyoyajenga wao wenyewe.

Na HD iliingiaje humo? Iliingia kupitia kompyuta. Skrini za ofisini zilishazoea kipimo cha nukta 1024 kwa 768. Ukilipanua umbo hilo hadi 16 kwa 9 bila kugusa zile 768, unapata 1366 kwa 768, na ndicho kilichokuwa kipimo cha kawaida cha TV za LCD za inchi 26 na 32. Idadi hiyo imeshaivuka 720, mpaka wa HD. Hapakuwa na faida ya maana kutengeneza LCD ya inchi 32 yenye mistari 480. Laini ya uzalishaji ilishapangwa, na kupunguza nukta hakukuokoa kioo. Kwa hiyo mteja wa 2006 hakuombwa achague kati ya HD na isiyo HD. Alichagua bapa, na karibu kila bapa ya LCD ya ukubwa wa sebuleni ilikuwa HD. Robo ya mwisho ya 2007, duniani kote, LCD zilizouzwa zilizidi TV za chogo kwa mara ya kwanza.

Atakayesema hii ni hadithi iliyotungwa baada ya tukio ana haki ya kudai mtihani. Mtihani ulifanyika mara mbili. Kuanzia 2010 viwanda vilileta 3D, na safari hii sababu tatu kati ya zile za wale watano zilikuwapo. Sinema ilikuwapo: Avatar ilikuwa imetoka Desemba 2009. Mpira ulikuwapo: mechi 25 za Kombe la Dunia Afrika Kusini zilirekodiwa kwa 3D, na ESPN wakaifungulia chaneli yake Juni 2010. Bei haikuwa kizuizi, kwani baada ya muda mfupi 3D ilikuwa ndani ya TV nyingi za kawaida. Watu waliimiliki bila kuitaka, miwani ikabaki kwenye droo. ESPN wakaifunga chaneli hiyo mwaka 2013, na LG na Sony, wa mwisho kati ya majina makubwa, wakaiacha 2017.

Mara ya pili ilikuwa 4K, nayo ikapita mlango ambao HD iliupitia. Ilikuja na vioo vikubwa zaidi kutoka kwenye mabamba makubwa zaidi, wakati matangazo yake ya antena na kebo yalikuwa haba na king'amuzi cha kawaida hakikuijua. Jaribu leo kutafuta TV mpya ya inchi 55 isiyo ya 4K. Utazunguka maduka mchana kutwa.